Mkono wa Nani Ushike Flashi?

Mwezi huu sikuletei ya jirani wala ya shoga yangu wa Njiro. Nakuingiza nyumbani kwangu mwenyewe, hapa Sokon I, nikusimulie jinsi mimi na baba watoto tulivyonuniana siku tatu nzima kwa sababu ya kipande cha chuma. Cheka tu, lakini soma mpaka mwisho, hasa wewe ambaye kadi zako za mchango zimeshaanza kusambazwa.

Kama ulikuwa hujui, mume wangu anapiga picha za mnato. Sendofu, kicheni pati, harusi, kipaimara, mahafali, anakwenda kote. Na mimi ndiye msaidizi wake, wa bure. Kila Jumamosi nasimama kushoto kwake, mkono mmoja juu, nimeshika flashi iliyounganishwa na kamera kwa waya uliojikunja kama ule wa simu za mezani za zamani. Wanakamati wameshanizoea, wananiita dada wa taa. Akina mama wakiona mkono wangu mwingine uko wazi wananipa mikoba yao niwashikie. Nimewahi kumaliza sherehe nzima nikiwa na pochi tatu begani, moja inaita simu na mwenyewe anacheza mduara.

Sasa utaniuliza, kwa nini flashi ishikwe na mtu wakati kamera ina mahali pake pa kuichomeka pale juu? Ngoja nikueleze kama nilivyoeleweshwa mimi.

Kamera ikiwa imelala, yaani unapiga picha pana ya kundi la watu, flashi inakaa juu ya lenzi. Mwanga unatoka juu kidogo na kivuli cha mtu kinaangukia nyuma yake, chini, hukioni. Lakini ukitaka mtu mmoja aingie mzima, kuanzia kilemba mpaka viatu, inabidi uisimamishe kamera. Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Ukiigeuza kamera, flashi nayo inageuka na kulala ubavuni. Mwanga unatoka upande mmoja, na kivuli kinakwenda kujichora upande wa pili, ukutani, pembeni ya sikio. Cheusi, kingo zake kali kama zimekatwa na mkasi. Kama nyuma ya mtu kuna ukuta au pazia la karibu, anaonekana kama ana pacha wake anachungulia.

Dawa yake ya dukani ndiyo hicho chuma. Wenyewe wanakiita braketi. Kinafungwa chini ya kamera, kwenye lile tundu la skrubu ya robo inchi ambalo hutumika kwa stendi ya miguu mitatu, halafu mkono wake unapanda juu na kubeba flashi. Ukiisimamisha kamera unaupindua ule mkono, flashi inabaki juu ya lenzi kama kawaida. Ziko pia za aina nyingine, ambazo kamera ndiyo inayozunguka ndani ya fremu na flashi haiguswi. Kwa vyovyote, kazi ni ile ile: taa ikae juu, kivuli kijifiche mgongoni.

Na dawa yake ya bure, msomaji wangu, ni mke.

Basi mwezi wa nne, ile mvua yetu ya huku ambayo Mlima Meru unaweza kupotea mawinguni wiki nzima usiuone, mtoto wetu mdogo akashikwa na homa. Ilikuwa Jumamosi na kuna sendofu mjini. Nikabaki na mtoto, baba akaenda peke yake, flashi juu ya kamera. Akarudi saa saba usiku, tukalala, sikuuliza.

Wiki mbili baadaye, asubuhi na mapema, hodi. Ni mama wa bibi harusi, mama mtu mzima, amefungua kitambaa chake na ndani kuna picha kubwa, tayari ina fremu. Amesimama na binti yake, wameshikana mikono, wote wanalia na kucheka kwa pamoja. Picha ya kuning'iniza sebuleni mpaka wajukuu waikute. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, akakaa, akakataa chai. Akamgeukia mume wangu, akaweka kidole kwenye kioo.

"Mwanangu, hapa tuko mimi na mwanangu. Huyu wa tatu ni nani?"

"Mama, hicho ni kivuli."

"Naona ni kivuli, baba. Nauliza aliyemwalika ni nani."

Nilitaka kucheka, lakini nilipomwangalia machoni nikaacha. Mama yule alikuwa na binti mmoja tu. Bega lake lote la kulia limemezwa na weusi, na kile kivuli cha kilemba kimemkaa binti shavuni kama amepigwa kofi. Ndiyo picha pekee ya wawili hao waliyopiga wakiwa wamesimama usiku ule. Tulimrudishia nusu ya pesa. Alizipokea bila kuzihesabu, na hilo liliniuma kuliko angegomba.

Usiku baba watoto akaniambia, akiwa anafungua viatu, hata hajaniangalia: "Nataka kununua braketi. Halafu na wewe upumzike."

Msomaji, hebu niambie, wewe ungesikia nini? Mimi nilisikia nimefukuzwa kazi.

Nakuomba unielewe. Tuna watoto watatu, duka dogo la vifaa vya shule, na mama mkwe anayekaa kwetu. Tangu Jumatatu mpaka Ijumaa mimi na mume wangu tunaongea habari za luku, ada na nani amchukue nani wapi. Jumamosi ndiyo siku yetu. Tunapanda bodaboda moja, mimi nimevaa vizuri, nimejipulizia. Ukumbini tunabishana kimyakimya ni maharusi gani watadumu na ni shemeji gani ameshalewa kabla ndafu haijaingia. Tunarudi usiku wa manane na nyama iliyofungwa kwenye foili. Wengine wanaita mtoko. Sasa mtu anakwambia anakwenda kununua chuma kije kikae mahali pako, tena kwa pesa ya kibubu ambayo tulikubaliana ni ya geti!

Sikumjibu. Nikageukia ukutani. Ndiyo zikaanza zile siku tatu.

Nilikuwa na silaha nyingine pia, nayo ni historia. Mwaka 2009, tukiwa bado wachumba, alikwenda kwa fundi wa kuchomelea akatengenezewa braketi ya flati baa, nyeusi, imechomelewa kweli kweli. Ilikuwa na nguvu ya kubeba boneti la gari. Weka kamera, weka flashi na betri zake nne, weka chuma chenyewe, mpaka keki inakatwa mkono wake ulikuwa unatetemeka kama wa mzee wa miaka tisini. Halafu skrubu moja haitoshi, kamera ikawa inajizungusha yenyewe juu ya chuma. Kile chuma tunacho mpaka leo. Kinazuia mlango wa jikoni usijifunge. Siku ya pili ya kununiana nilikitoa pale nikakiweka mezani mbele ya chai yake. Hakusema neno. Ni kweli, haikuwa tabia nzuri.

Aliyetusaidia ni mzee mmoja jirani, mpiga picha wa enzi za mkanda, ambaye bado ana sanduku lake la vifaa chini ya kitanda. Mume wangu alikwenda kumwazima braketi ya alumini, nami nikafuata nyuma kwa kisingizio cha kumpelekea ndizi. Mzee akatuangalia, akajua. Akatukalisha wote wawili.

Akatuambia zamani tatizo hili wengine hawakuwa nalo kabisa. Ile Yashica ya lenzi mbili, ambayo unaitazama kwa juu ikiwa kifuani, ilitoa picha ya mraba, sita kwa sita, kumi na mbili kwa mkanda mmoja. Mraba hausimami wala haulali, kwa hiyo kamera haigeuzwi. Ukitaka ya kusimama unakata karatasi wakati wa kusafisha. Na wale wa studio, kama ile Capital Art Studio ya Zanzibar aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930, kazi yao ilikuwa na faida nyingine: studio taa zinasimama kwenye stendi zake zenyewe, kamera igeuke itakavyo, taa haina habari. Shida ilikuja pale kamera ndogo za mkanda wa milimita 35 zilipoingia kwenye harusi na flashi ikapanda mgongoni kwa kamera. Yeye mwenyewe alikuwa na Metz ya mshikio, ile inayofungwa kushoto kwa kamera kama rungu. Siri yake ilikuwa moja tu: ukiisimamisha kamera, hakikisha upande wenye flashi ndio unakwenda juu. Ukikosea ukaipeleka chini, unamulika watu kutokea miguuni kama sinema ya mashetani.

"Braketi inahamisha kivuli tu," akasema. "Msiitarajie kitu kingine. Kajaribuni wenyewe, halafu mgombane mkiwa na ushahidi."

Jioni ile tukamsimamisha binti yetu mkubwa sebuleni, mgongo umekaribia ukuta, ukuta wetu ni wa rangi ya maziwa. Picha ya kwanza, flashi juu ya kamera, kamera imesimamishwa. Kivuli hiki hapa, pembeni ya shingo, kibaya kama cha yule mama. Ya pili, na braketi ya mzee. Kivuli hakuna! Kimeshuka nyuma ya mabega, ukikitafuta unakiona kidogo karibu na kiuno. Niliumia roho, sikufichi. Lakini tulipoikuza kwenye kompyuta tukaona uso wa mtoto umekuwa bapa, kama picha ya kitambulisho, na paji la uso linang'aa vile vile kama kwenye ile ya kwanza. Taa ni ndogo kama kiberiti na inatoka mbele. Kuipandisha sentimita ishirini hakuifanyi iwe laini.

Ya tatu, mimi na mkono wangu. Nikasimama kushoto, nikainua flashi juu kuliko kichwa chake, nikaielekeza chini kidogo. Kivuli kikaanguka kulia, chini, nje ya picha. Na uso ukapata umbo: shavu likaonekana ni shavu, pua ikawa pua. Binti mwenyewe akaichagua. "Hii ndiyo mimi," akasema. Nikamwangalia baba yake kwa jicho lile mnalolijua.

Ndipo mtoto, kwa kuchoka kusimama, akasogea mbele hatua mbili kubwa kwenda kuchukua maji, na baba yake akampiga moja ya haraka, flashi juu ya kamera, kamera imesimama. Tukaitazama. Kivuli karibu hakipo! Ukuta umekaa mbali, kivuli kimetawanyika na kutoka nje ya picha. Miaka yote hiyo, na hatua mbili tu zingetosha kumwokoa yule mama.

Tatizo ni kwamba kwenye sherehe humsogezi mtu. Mama anamkumbatia binti yake pale pale alipo, kwenye pazia la mpambaji, sekunde nne, imekwisha. Kwa hiyo hapa nasema na wewe mwenye harusi, maana haya hayahusu wapiga picha peke yao. Mwambie mpambaji wako aache nafasi kati ya viti vya meza kuu na lile pazia la nyuma, hata mita moja na nusu. Na kabla hujampa mpiga picha advansi, muulize: picha za kusimama unazipigaje usiku? Mwangalie anavyojibu. Akikwambia ataurusha mwanga darini ili urudi umetulia, ni jibu zuri, mradi ukumbi wako una dari jeupe na la chini. Kwenye ukumbi wa namna hiyo braketi haina maana yoyote, kwa kuwa dari lenyewe limegeuka kuwa taa. Lakini kama mpambaji amefunika dari kwa vitambaa vya zambarau, mwanga utarudi na zambarau yake, na shela lako jeupe litakuwa na rangi ya ubuyu. Na kama sherehe ni uani chini ya anga, hakuna dari la kugonga. Hapo ndipo braketi inapopata kazi, au mke wa mtu.

Na wewe unayesema utatumia simu tu, kataa mwenyewe. Taa ya simu iko sentimita moja au mbili tu kutoka kwenye lenzi, kwa hiyo uigeuze usiigeuze kivuli kinabaki kidogo. Lakini ndiyo kabisa uso unakuwa bapa. Mwekundu wa macho unatoka hapo hapo pia: mwanga unaingia moja kwa moja mpaka nyuma ya jicho penye damu na kurudi kwenye lenzi iliyo jirani yake. Kadiri taa inavyokaa mbali na lenzi, ndivyo wekundu unavyopungua. Hilo nalo ni la kuisifia braketi, siibanii.

Jumamosi iliyofuata tukaenda kazini na vyote viwili, chuma cha mzee na mimi. Ilikuwa sendofu ya uani, hema kubwa, vitambaa vya dhahabu. Wakati wa maharusi kuingia wakicheza, nikagundua kitu ambacho sikuwahi kukiri. Mume wangu anatembea kinyumenyume mbele yao, watu wamejaa pande zote, matarumbeta yanapigwa sikioni, na mimi naburutwa na waya kama mbuzi. Nakanyaga watu. Nusu ya picha hizo mkono wangu unakuwa umeshuka au umeelekea kwa MC. Siku hiyo akafunga braketi, akaenda peke yake, mimi nikakaa. Nikala sambusa mbili, moto moto! Picha zake za kuingia zilikuwa safi kuliko za miaka mingi.

Kisha ukafika wakati wa wazazi. Akaifungua braketi, akanitafuta kwa macho, akanipa flashi. Nikainua mkono, na kabla hajabonyeza nikaushusha. Bega. Lilikuwa linaniuma tangu Desemba, na nilikuwa nameza panadoli kimyakimya kila Jumapili asubuhi. Nilidhani hajui.

"Ndiyo maana nilisema upumzike," akaninong'oneza. "Unafikiri sikuoni ukivaa blauzi?"

Jamani. Siku tatu nzima nimemnunia mtu kwa kuniona.

Na mimi nikamwambia la kwangu, pale pale nyuma ya meza ya zawadi, kwamba sikuwa nagombea taa. Nilikuwa nagombea Jumamosi. Akashangaa kweli. Alidhani natamani kubaki nyumbani na nashindwa kusema.

Basi hiki ndicho tulichoamua, nawe kichukue kwa hali ya kwako. Braketi tumenunua, ya mtumba, ya alumini, nyepesi. Nusu imetoka kwenye kibubu na nusu kwenye hela yangu ya VICOBA, kwa hiyo ni yetu wote. Kabla ya kulipa tulihakikisha waya wake ni wa kamera ya kampuni yetu, kwa sababu waya wa Canon hauielewi Nikon, na watu wengi wamelia hapo. Inatumika pale ambapo yuko peke yake kwenye msongamano: kuingia, kucheza, kulishana keki. Kwa picha za wazazi na za maharusi wamesimama wametulia, mimi nipo. Ila sishiki tena kwa mkono mtupu. Tumefunga flashi kwenye fimbo ndefu ya kamera, ile ya mguu mmoja, naisimika kwenye mkanda wa kiuno na bega linapumzika. Tukijaliwa tutanunua rimoti ya kuwasha flashi kwa redio, Godox au mwenzake yeyote, na huo waya wa mbuzi tuutupe. Kama mngekuwa wawili tayari na rimoti mnayo, nisingewashauri kununua braketi kwanza, fimbo ingewatosha. Aliye peke yake, na kumbi zake ni za mapazia na mahema, anunue bila kujiuliza sana. Ila kila mtu anyanyue kwanza ile braketi dukani ikiwa na kamera na flashi juu yake, ahesabu mpaka mia mbili, ndipo atoe pesa.

Yule mama tulimfuata nyumbani kwake, kumwomba tumpige tena na binti yake akija kumtembelea. Tungempiga asubuhi, barazani, bila flashi hata moja. Alitukaribisha vizuri sana. Akasema picha mpya atapiga, lakini siku ile hairudi. Mume wangu alikuwa amejaribu kukifuta kivuli kwa kompyuta, saa nne amekaa. Kwenye ukuta kikafutika, lakini pembeni ya kilemba pakabaki kama pamebandikwa na gundi. Mama akaziangalia zote mbili, akairudisha ukutani ile yenye kivuli. "Hii ndiyo niliyolia," akasema. Iko pale mpaka leo, na kila tukienda kumsalimia mume wangu huchagua kiti kinachoipa mgongo.

Kile chuma cha fundi kimerudi mlangoni. Braketi mpya inaning'inia kwenye msumari chumbani, fimbo yangu pembeni yake. Jumamosi mchana, kabla hatujaoga, baba watoto ananiletea kadi ya mwaliko niisome ukumbi ni upi, kisha anauliza, "Mama, leo tunabeba kipi?"

Kwa leo niishie hapo, ukumbi wenyewe ni saa kumi na mbili na sijanyoosha nguo. Tukutane mwezi ujao.